Tathmini ya mtoto bila jina la mratibu ni karatasi tu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalowachosha wazazi wengi na kuwacheleweshea watoto msaada. Mtoto mmoja anapimwa na watu watano, kila mmoja na fomu yake, na mwisho wa yote hapatikani hata mmoja wa kumwambia mama, "Kuanzia leo ukikwama, njoo kwangu."

Sisi ni watu wa kazi hii na tunajua kila ofisi ina sababu ya fomu yake. Kliniki inataka uzito, urefu na chanjo. Mwalimu anataka kujua kama mtoto anashika penseli na anaweza kukaa darasani. Afisa ustawi wa jamii anauliza mtoto analala wapi, na nani anashinda naye. Mtaalamu wa matamshi anahesabu maneno. Yote ni maswali ya haki. Lakini mama huyohuyo anasimulia mimba ileile, uzazi uleule na degedege lilelile mara tano, na mtu akichoka kusimulia hufupisha. Anayempokea wa tano anapata maelezo yaliyokonda kuliko wenzake wote, na mara nyingi huyo wa tano ndiye mwenye huduma mkononi.

Hoja yetu ni moja. Tathmini ya mapema ya mahitaji ya mtoto ifanywe mara moja, kwa pamoja, na isihesabiwe imekamilika mpaka ukurasa wake wa mwisho uwe na jina la mratibu, yaani mtu mmoja anayeubeba mpango wa kumsaidia mtoto, pamoja na tarehe. Fomu nzuri, semina na kompyuta vije baada ya hapo.

Neno "mapema" lina maana mbili, na zote mbili zinahusika hapa. Kuna mapema ya umri, na kuna mapema ya tatizo. Mtoto wa miaka 11 aliyeanza mwezi uliopita kutoroka shule anastahili tathmini ya mapema sawa na mtoto wa miezi 11, kwa sababu mambo yake bado yanarekebishika kwa juhudi ndogo.

Kwa upande wa umri, kauli inayotuumiza ni "mwacheni, atakua tu." Wakati mwingine ni kweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Njia ya kutofautisha ni kujua mipaka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani juu ya ukuaji ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8.2 na 17.6, na kukaa bila kuegemezwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 ambaye hajatembea bado yumo ndani ya kawaida, na mama yake asitishwe. Wa miezi 18 aonwe, bila kuongezewa mwezi mwingine wa kungojea. Kutambaa ndiko kusitutishe sana. Wapo watoto wazima kabisa wasiotambaa kwa magoti hata siku moja, wanatoka kukaa wanakwenda kusimama.

Kuna dalili nyingine ambazo wazazi huzifurahia kumbe zinataka kuangaliwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja tu kwa kila kitu si kwamba amewahi kujua kuwa yeye ni wa kulia au wa kushoto. Katika umri huo mikono yote miwili inapaswa kufanya kazi, na ule unaobaki nyuma umekunja ngumi huenda una udhaifu. Mtoto asiyetoa "ba-ba-ba" wala "ma-ma-ma" akiwa na miezi 12, au asiyeunganisha maneno mawili akitimiza miaka 2, aonwe. Na mtoto aliyekuwa na maneno, au aliyekuwa akitembea, kisha akapoteza alichokuwa nacho, huyo hangoji siku ya kliniki, awe na umri wowote.

Kuhusu usikivu, wataalamu wana kanuni rahisi ya kukumbuka: 1, 3, 6. Mtoto mchanga apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi 1. Kipimo kikitia shaka, uchunguzi kamili uwe umekwisha kabla ya miezi 3. Tatizo likithibitika, huduma ianze kabla ya miezi 6. Haraka hii inatokana na namna ubongo unavyojenga lugha. Unajenga kwa kile unachopokea, iwe sauti au lugha ya alama, na miezi ile ya mwanzo ndiyo inayopokea kwa wepesi.

Kosa dogo linaloharibu tathmini nyingi za wachanga ni kusahau mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Aliyezaliwa wiki ya 32 ya mimba aliwahi wiki 8 kabla ya 40. Akiletwa na miezi 10, apimwe kama mtoto wa takriban miezi 8, na hesabu hiyo iendelee mpaka atimize miaka 2. Asipopunguziwa wiki hizo, ataandikwa "amechelewa" na mama atarudi nyumbani na hofu isiyo na msingi. Umri wa mimba wakati wa kujifungua uandikwe juu kabisa ya fomu, karibu na tarehe ya kuzaliwa, usifichwe ukurasa wa tatu.

Sasa tuseme la pili linalochelewesha. Ofisi nyingi hukataa kupanga huduma mpaka mtoto apewe jina la ugonjwa. Kujua kama ni usonji (hali inayogusa mawasiliano na mahusiano), mtindio wa ubongo (udhaifu wa mwili unaotokana na ubongo) au ulemavu wa akili ni kazi ya daktari na inaweza kuchukua miezi. Mahitaji hayangoji jina. Mtoto asiyeweza kuomba maji hawezi leo, na kesho mama yake anaweza kuanza kumfundisha kugusa picha ya maji. UNICEF pamoja na kikundi cha Washington kinachoshughulikia takwimu za ulemavu walitoa mwaka 2016 dodoso la watoto ambalo halitaji ugonjwa hata mmoja. Linauliza tu mtoto anaweza nini akilinganishwa na wa rika lake, na majibu ya maswali mengi ni manne: hana ugumu, ana ugumu kiasi, ana ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Lina sehemu ya miaka 2 hadi 4 na sehemu ya miaka 5 hadi 17. Lilitengenezwa kwa ajili ya takwimu na halitoi utambuzi wa ugonjwa, lakini namna yake ya kuuliza ni shule nzuri kwa yeyote anayempokea mtoto.

Kabla ya kuuliza lolote, mpokeaji ajiulize mwenyewe swali moja: mtoto huyu yuko salama usiku wa leo? Pakiwa na dalili za kupigwa, kuingiliwa, kunyimwa chakula au kutelekezwa, suala hilo liende kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo, na hapo ridhaa ya mzazi haisubiriwi. Tunalitenga jambo hili kwa makusudi. Tathmini ya mahitaji ni ya hiari. Ikigeuzwa mtego wa kupeleleza familia, habari itaenea mtaa mzima na milango itafungwa, na watakaoumia ni wale watoto waliohitaji msaada mdogo tu.

Ridhaa yenyewe ichukuliwe kwa uzito. Tunachokiona mara kwa mara ni mzazi kutakiwa kutia sahihi fomu tupu "ili usicheleweshwe." Mzazi aelezwe kitakachoandikwa, watakaosoma, wasiosoma, muda ambao faili litatunzwa, na kwamba anaweza kubadili mawazo. Tena aulizwe ofisi moja moja. Mzazi anaweza kukubali mwalimu ajue habari za usikivu wa mtoto na akakataa ajue habari za ugomvi wa nyumbani, na mtoto akahudumiwa vilevile. Mtoto anayeweza kusema naye aulizwe. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinampa haki ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Na pakihitajika mkalimani, asitumiwe kaka au dada wa mtoto. Mtoto wa miaka 13 hawezi kutafsiri swali kuhusu mama yake kulia usiku.

Mazungumzo yapewe dakika 60 hadi 90. Yakizidi hapo mtoto anasinzia au analia, na mzazi anaanza kujibu "ndiyo" ili mradi aondoke. Ni heri kukutana mara mbili, moja nyumbani na moja mtoto anaposhinda. Yaanze na anachokipenda mtoto na anachokiweza, kwa sababu mpango utajengwa juu ya hicho. Kisha badala ya maswali 80 ya ndiyo na hapana, mpokeaji aseme: "Nisimulie jana, tangu alipoamka mpaka alipolala." Simulizi hiyo moja hutoa kulala, kula, kuvaa, kwenda haja, kucheza, hasira na nani alikuwepo, bila mama kuhisi yuko mahakamani.

Tuchukue mtoto wa miaka mitatu na nusu ambaye barua ya rufaa inasema "mkaidi, hafuati maagizo." Mama anapinga. Anasema asubuhi alimwambia "kalete viatu" na mtoto akavileta. Mpokeaji mwenye haraka ataandika "anaelewa maagizo" na kugeuza ukurasa. Mwenye uzoefu atauliza: ulipomwambia, ulikuwa unavitazama viatu? Ulinyoosha kidole? Mlikuwa mlangoni tayari kutoka? Halafu atamwomba mama akae nyuma ya mtoto, mikono magotini, aseme kwa sauti ya kawaida, "Nipe kikombe," kikombe kikiwa kati ya vitu vingine sakafuni. Mtoto anaendelea kupanga vipande vyake vya mbao. Mama anarudia. Kimya. Mlango wa jirani unabamizwa na mtoto anageuka mara moja. "Unaona anasikia," mama anasema, na ni kweli anasikia kitu. Huenda anasikia vishindo vizito na kukosa sauti nyembamba kama s, f na t. Huenda sikio la kati limejaa majimaji na usikivu wake unapanda na kushuka wiki hadi wiki, ndiyo maana leo anaitika na kesho haitiki. Au masikio ni mazima na maneno ndiyo hayamwingii. Jaribio hilo la sakafuni haliamui ni lipi kati ya hayo. Linaamua hatua inayofuata: kipimo cha usikivu. Kila mtoto aliyechelewa kusema apimwe usikivu kwanza, kabla hajabandikwa jina lingine lolote, liwe ukaidi au usonji.

Na vifaa vya kupimia viangaliwe. Dodoso lililotafsiriwa kutoka lugha nyingine bila kujaribiwa kwa watoto wanaopimwa hupima mazoea ya kwingine. Mtoto akionyeshwa picha ya kitu ambacho hajapata kukiona maishani, kushindwa kukitaja hakusemi chochote juu ya lugha yake.

Kuandika ndiko kunakotenganisha tathmini inayofanya kazi na ile ya kabatini. Kuna pande tatu za kuandikwa: mtoto mwenyewe na ukuaji wake, malezi anayopata, familia na mazingira yanayoizunguka. Fomu nyingi tunazozisoma zina ukurasa mzima juu ya upande wa kwanza, nusu ukurasa juu ya wa pili, na mistari miwili juu ya wa tatu. Hiyo mistari miwili ndiyo inayoamua hatima ya mpango. Umbali wa kwenda kwenye huduma, zamu za kazi, nani atabaki na wadogo zake, ngazi ngapi za kumbeba mtoto asiyetembea. Fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) mara tatu kwa wiki asubuhi, kwa mama anayefanya kazi asubuhi, ni mpango uliokufa kabla haujaanza, na atakayelaumiwa ni mama.

Lugha iwe ya kilichoonekana na kilichosemwa, na aliyesema atajwe. "Mama hana ushirikiano na mtoto ni mkorofi" ni hukumu. Sentensi hiyo ikishaingia kwenye faili itanakiliwa na kila atakayelifungua kwa miaka mitano. Linganisha na hii: "Mama amekosa miadi 2 kati ya 4; anasema zote mbili ziliangukia saa za kazi. Mwalimu anasema mtoto aliwauma wenzake mara 3 wiki iliyopita, mara zote wakati wa kutoka shughuli moja kwenda nyingine." Ya pili inatupa pa kushika. Miadi ihamishwe saa, na mtoto aandaliwe kabla ya kila badiliko, kwa picha au kwa wimbo uleule kila siku, maana inaelekea kinachomshinda ni kubadilisha shughuli.

Kosa la kiufundi tunaloliona zaidi ya yote, hata kwa wenzetu wenye shahada, ni kuandika huduma mahali pa hitaji. "Anahitaji tiba ya matamshi" ni huduma. Hitaji ni "anahitaji njia ya kumwambia mwalimu kwamba anataka kwenda chooni." Tofauti hii ina matokeo makubwa. Ukiandika huduma na mtaalamu wa matamshi akawa hayupo, au foleni yake ni ya miezi tisa, mpango unasimama hapo na mtoto anangoja. Ukiandika hitaji, mwalimu na mama wanaweza kuanza Jumatatu kwa ishara moja ya mkono waliyokubaliana, na mtaalamu atakapopatikana ataendeleza. Hitaji lina njia nyingi. Huduma ina mlango mmoja.

Kisha kikao cha kuandika mpango. Wawe watu 4 hadi 6, mzazi akiwa mmoja wao tangu dakika ya kwanza, asiitwe mwishoni kuja kusomewa. Tumeona vikao vya watu 11 ambamo mama anakaa upande mmoja wa meza na wengine wote upande wa pili. Humo hakuna mzazi atakayesema kwamba usiku hapati usingizi. Dakika 60 zinatosha kama tathmini ilisomwa kabla. Kikao kichague mambo matatu, manne yakizidi sana. Mpango wenye malengo 14 unampendeza mkaguzi na kumvunja moyo mzazi.

Kila jambo liandikwe katika safu tano: hitaji, kitakachofanyika, nani, lini, tutajuaje limefaa. Kwa mtoto wetu wa vipande vya mbao ingesomeka hivi: kliniki itampima usikivu ndani ya siku 14; mwalimu atamketisha mbele, mbali na dirisha lenye kelele, na atamgusa bega kabla ya kumsemesha, kuanzia Jumatatu; mama na mwalimu watatumia picha zilezile 4, za choo, maji, maumivu na nyumbani. Tutajua zimefaa iwapo baada ya wiki 6 anaomba choo mwenyewe angalau siku 3 kati ya 5 za shule. Si lazima lengo liwe kubwa. Liwe la kuhesabika na la maana kwa familia.

Hapo ndipo tunafika kwa mratibu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri humwagika. Kikao kinaisha, kila mtu anasema "tutawasiliana," na kwenye safu ya "nani" kumeandikwa jina la idara. Idara haipokei simu. Aandikwe mtu, kwa jina, na msaidizi wake kwa jina, kwa sababu watu huugua, huenda likizo na huhamishwa. Si lazima awe mkubwa kwa cheo wala mtaalamu wa tatizo lenyewe. Awe yule ambaye familia inamwamini na anayemwona mtoto mara kwa mara. Muuguzi wa kliniki au mwalimu wa awali mara nyingi anafaa kuliko bingwa anayeonwa mara mbili kwa mwaka. Kazi yake inaelezeka kwa maneno machache: anafuatilia kila tarehe iliyoahidiwa, anazuia miadi mitatu kuangukia siku moja, anamweleza mzazi kwa lugha nyepesi barua zilizoandikwa kitaalamu, anapiga simu ofisi iliyonyamaza, anaitisha kikao cha marejeo. Hatoi huduma zote wala habebi lawama za wenzake walioshindwa. Hilo liandikwe wazi, la sivyo hakuna atakayekubali uratibu. Na apewe muda. Kumwongezea muuguzi watoto 20 wa kuratibu bila kumpunguzia zamu hata moja ni kumpa jina la cheo bila kazi kufanyika.

Nchi nyingine zimeyajifunza haya kwa gharama. Uingereza, mtoto wa miaka 8, Victoria Climbié, alikufa London Februari 2000 kwa mateso ya waliokuwa wakimlea. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti Januari 2003, ulibaini nafasi zisizopungua 12 ambapo waliomwona, kuanzia ustawi wa jamii hadi hospitali na polisi, wangeweza kumwokoa. Suala lake lilikuwa la ulinzi, zito kuliko tunayoyazungumzia hapa, lakini liliifunza nchi ile kuhusu hatua za mwanzo pia: kila ofisi ilishika kipande, hakuna aliyeshika mtoto. Baada ya hapo ilitungwa sheria ya watoto ya 2004, ikaja fomu moja ya pamoja ya tathmini na mtindo wa kuteua mtaalamu mmoja kiongozi kwa kila mtoto. Ilijengwa pia kanzidata ya watoto wote, ContactPoint, iliyofungwa Agosti 2010. Tathmini ya pamoja na mtaalamu kiongozi, kwa majina yaliyobadilikabadilika, bado wapo. Tunawaomba wanaodhani jibu ni mfumo wa kompyuta walifikirie hilo.

Marekani iliweka huduma za mapema kwa watoto wa chini ya miaka 3 katika sheria ya 1986. Kwa utaratibu wao, tangu rufaa ipokelewe, tathmini na kikao cha kwanza cha mpango lazima vifanyike ndani ya siku 45. Mpango unapitiwa upya kila miezi 6, na jina la mratibu wa huduma limo ndani ya mpango wenyewe. Siku 45 si chache kwa mtoto mchanga, lakini ni siku zinazohesabika, na mzazi akifika siku ya 46 ana pa kusimamia.

Kwa maoni yetu marejeo ya kwanza yafanyike wiki ya 6, si mwezi wa 6. Wiki sita zinatosha kujua nani alitimiza ahadi. Yanayofuata yawe kila miezi 3, na kila mara swali la kwanza aulizwe mzazi: nini kimebadilika nyumbani? Pasipobadilika kitu, tusikimbilie kuongeza huduma ya tano. Turudi kwenye tathmini, kwa sababu huenda hitaji liliandikwa vibaya tangu mwanzo. Na mahitaji yakitimia mpango ufungwe, familia iambiwe kwamba umefungwa na namna ya kurudi ikibidi. Mipango isiyofungwa hujaza orodha ya mratibu mpaka wale wanaomhitaji kweli hawamfikii.

Wenye mamlaka tunawaomba wabadilishe wanachokihesabu. Taarifa za mwaka hujivunia idadi ya watoto "waliofanyiwa tathmini." Takwimu hiyo inapanda hata kama mtoto mmoja amefanyiwa mara tano. Zihesabiwe siku kati ya mzazi kueleza wasiwasi wake kwa mara ya kwanza na mtoto kupata msaada wa kwanza. Ihesabiwe mipango yenye jina la mratibu, na ile iliyofanyiwa marejeo kwa tarehe iliyoandikwa. Waandishi wako, Mhariri, nao wakialikwa kwenye uzinduzi wa fomu mpya, waombe kuonyeshwa ukurasa wa mwisho.

Kwa wazazi: ombeni nakala ya tathmini na ya mpango siku hiyohiyo ya kikao, na muitunze pamoja na kadi ya kliniki. Andikeni nyuma yake tarehe ya kila miadi na nani alimwona mtoto. Mkiambiwa mratibu amehama, msikubali kukabidhiwa kwa barua. Dai lenu liwe kikao kifupi, nusu saa inatosha, mratibu wa zamani na mpya wakiwa chumba kimoja nanyi mkiwepo, wapitie mpango mstari kwa mstari, na yule anayeondoka aache namba yake ipatikane kwa mwezi mmoja zaidi. Hali ni hiyohiyo mtoto anapotoka kliniki kwenda shule ya awali, au kutoka awali kwenda darasa la kwanza. Makabidhiano hayo yaanze miezi 6 kabla, mwalimu mpya amtembelee mtoto kule alipozoea, na zile picha nne za choo, maji, maumivu na nyumbani ziende pamoja naye siku ya kwanza.

Wako katika huduma,
Wafanyakazi wa tathmini na huduma za watoto